Tangi la matumbawe Limuru: hita ikiharibika, iharibike upande gani?

Tangi hili lilizaliwa Nyali, Mombasa. Lina urefu wa mita 2.4, na ukijumlisha sampu, yaani tangi la pili lililo kabatini chini yake, linabeba takriban lita 1,100 za maji ya chumvi. Kule pwani adui alikuwa joto. Miezi ya kaskazi mashine ya kupoza maji ilinguruma mchana kutwa, na hita iliyokuwamo ndani ya sampu ilipita wiki nyingi bila kuwaka hata mara moja. Kisha familia ikahamia Tigoni, Limuru, mahali palipo karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na tangi likapanda nao.

Anayejua Limuru ya mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa. Ukungu wa asubuhi, jua lisiloonekana hadi saa sita, na nyumba zetu hazina mfumo wa kupasha joto kama zile za Ulaya. Sebuleni kwa mama wa familia hiyo kipimajoto kilikuwa kikishuka hadi digrii 14 au 15 alfajiri, wakati matumbawe yanataka maji ya digrii 25 hadi 27. Kwa hiyo akanunua hita moja kubwa ya wati 1,000, yenye thamostati (swichi inayofuata joto) yake ndani, akaitumbukiza kwenye sampu. Ilifanya kazi vizuri msimu mzima wa baridi. Mwaka uliofuata, Julai tena, ikakwama ikiwa imewaka.

Aliponipigia simu, mimi fundi wake, ilikuwa saa saba mchana na maji yalikuwa yamefika digrii 32. Jambo la kwanza alilolisema halikuwa joto. Alisema samaki wote wamekwenda juu, wamejazana pale maji ya pampu yanapoingia, wanahema. Kangaja wake wa buluu, ambaye huwa bwana wa tangi zima, alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe.

Hapo Limuru inaongeza jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawalitaji. Maji yanapopata joto, uwezo wake wa kushika oksijeni hupungua. Hilo ni kweli popote. Lakini kwenye mwinuko wa mita 2,200 kanieneo ya hewa yenyewe iko chini, kwa hiyo maji yale yale, ya joto lile lile, hushika oksijeni pungufu kwa karibu robo kuliko Mombasa. Tangi linaloweza kuvumilia digrii 30 kwa siku moja kule Nyali halina akiba hiyo huku juu. Ndiyo maana samaki walianza kuhema kabla matumbawe hayajaonyesha dalili kubwa.

Nilimwambia achomoe hita, afungue madirisha, aelekeze feni mbili juu ya uso wa maji, na atumbukize pampu za hewa zote alizo nazo. Asitie barafu. Viumbe hawa wakishachemshwa, kuwapoza ghafla ni kuwapiga mara ya pili. Kufikia usiku maji yalikuwa yameshuka chini ya digrii 29, na asubuhi yalikuwa 26. Kangaja alikufa usiku huo huo. Matumbawe laini yalijikunja na kutoa ute mwingi, kisha mengi yakafunguka tena. Yale magumu ya matawi, Acropora hasa, yalipauka siku chache baadaye, na zaidi ya nusu hayakurudi.

Nilipofika niliifungua ile hita. Ndani ya thamostati ya aina hii mna kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja, ambacho hujipinda kinapopata joto na kuachanisha ncha mbili ndogo za metali zinazopitisha stima. Ncha zile zilikuwa zimeshikana. Palikuwa na kijivimbe cheusi kati yake, kama tone la risasi ya kulehemu, na ilibidi nitie ncha ya bisibisi ndipo zikaachana kwa mlio mdogo. Hita ya wati 1,000 kwenye volti 240 huvuta zaidi kidogo ya ampea 4, na kila inapowaka au kuzima, cheche huruka pale. Ikiwaka na kuzima mara nne kwa saa, hiyo ni zaidi ya mara 35,000 kwa mwaka. Siku moja cheche hulehemu. Hakuna mtu aliyekosea kuitumia. Hicho ndicho kifo cha kawaida cha kifaa hiki.

Mama aliniuliza swali ambalo karibu kila mwenye tangi huuliza: "Fundi, we niambie tu hita iliyo bora, nikaitafute leo." Nikamjibu, "Mama, tutafika huko. Kwanza tujue nyumba yako inapoteza joto kiasi gani, na tujue usiku ambao hita itaharibika tena tangi litakuwa wapi." Kwa sababu itaharibika tena. Hata jina kubwa halizuii. Mwaka 2011 kule Marekani hita zaidi ya milioni moja za Marineland Stealth ziliondolewa sokoni kwa sababu ya usalama, kwa kuwa hitilafu ya nyaya iliweza kuzifanya zipate moto kupita kiasi na kupasuka. Jina zuri hupunguza idadi ya ajali, na ni sababu tosha ya kuepuka hita zisizo na jina. Ila halikuambii kitakachotokea ajali ikifika.

Tulipima. Usiku tulizima hita, tukaacha pampu zote zikizunguka, taa zimezimwa, chumba kikiwa digrii 15. Kwa saa nne maji yalitoka digrii 26 hadi 24.3. Lita 1,100 za maji ya bahari huhitaji takriban uniti 1.25 za stima kupanda digrii moja, kwa hiyo hesabu inatoka yenyewe: tangi lilikuwa likipoteza karibu wati 50 kwa kila digrii ya tofauti kati ya maji na chumba. Chumba kikiwa 15 na maji 26, hiyo ni wati 550 usiku kucha. Chumba kikishuka hadi 12, ni wati 700.

Kipimo hiki ninakipenda kwa sababu hakihitaji kifaa chochote zaidi ya kipimajoto na saa, na kinashinda kanuni zote za wati kwa lita zinazoandikwa kwenye maboksi. Kanuni hizo haziwezi kujua kama sebule yako iko Limuru au Likoni.

Pia kinakufunulia kilichotokea siku ile. Hita ya wati 1,000 ikikwama kwenye tangi linalopoteza wati 50 kwa digrii, maji yatapanda hadi yawe digrii 20 juu ya chumba. Chumba cha digrii 15 kinakupeleka 35. Jioni ilikwama, usiku maji yakapanda taratibu kwa sababu baridi ilikuwa ikiyavuta chini, asubuhi chumba kikapata joto na taa zikawaka, na mwendo ukaongezeka. Wati 1,000 zilikuwa zinatosha kuua, na zilikuwa mkononi mwa ncha mbili za metali peke yake.

Upande wa pili wa mizani ni baridi. Bahari ya pwani yetu wakati wa kusi, Julai na Agosti, hushuka hadi digrii 25 hivi. Kaskazi ikiisha, Machi na Aprili, hupanda hadi 29 na 30. Matumbawe yamezoea mabadiliko hayo, lakini yanaishi karibu sana na dari yake. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipozidi joto la kawaida la msimu, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa. Kwa upande wa chini kuna nafasi zaidi: tangi likishuka polepole hadi 23 kwa usiku mmoja, viumbe watanyong'onyea, kisha wataendelea. Nafasi mbili hizi si sawa, na uchaguzi wote wa hita unatoka hapo. Mfumo ukilazimika kukosea, ukosee upande wa baridi.

Kabla ya kununua chochote tulipunguza hitaji lenyewe. Tangi lilikuwa likivukiza lita 12 kwa siku, kiasi ambacho mama alikijua kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akijazia maji matamu kila asubuhi. Kila lita inayopaa hubeba karibu theluthi mbili za uniti ya stima. Lita 12 ni uniti 8 kila siku, zinazopaa dirishani. Tukafunika sampu kwa vifuniko vya plastiki ngumu, tukaacha tangi la juu wazi kwa sehemu kubwa, maana kwenye mwinuko ule sikutaka kuyanyima maji hewa. Tukabandika mbao za styrofoam nyuma ya tangi na kuizunguka sampu, na tukalisogeza kabati mbali na mlango wa veranda. Tulipopima tena, saa nne zilitoa 26 hadi 24.7. Upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu wati 40 kwa digrii. Usiku mbaya kabisa, chumba kikiwa 12, ungehitaji wati 560.

Sasa hita. Tulichukua tatu za wati 300. Mbili peke yake zinatoa 600, kwa hiyo yoyote ikifa, zilizobaki zinabeba usiku wa Limuru zenyewe. Na yoyote ikikwama imewaka? Wati 300 mfululizo, ukiongeza joto la taa lililogawanywa kwa saa 24, ni kama wati 380. Hizo hupandisha maji digrii 9 au 10 juu ya wastani wa chumba, ambao Julai ni 17 hivi. Tangi litakaa kwenye 27, likipanda kidogo mchana. Februari, chumba kikiwa na wastani wa 20, hita iliyokwama ingeweza kulisukuma hadi karibu 30, na hapo ndipo feni inapoingia; nitaifikia. Hita nne za wati 200 pia zingefaa. Moja ya 1,000 haifai hata ikiwa ya dhahabu.

Aina nayo ilileta mjadala. Mtu wa duka alikuwa amempendekezea mama hita za titani, na sababu zake ni za kweli: titani haipasuki, na maji ya chumvi hayaili. Schego ya Ujerumani hutengeneza za aina hiyo na zinadumu. Lakini nyingi za titani huja bila thamostati. Zinategemea kidhibiti cha nje, kiboksi chenye sensa kinachowasha na kuzima hita, kwa kila kitu. Kwa tangi hili nilitaka kila hita iwe na akili yake ya pili, kwa hiyo tukachagua Eheim Jäger za kioo za wati 300, ambazo zina thamostati ndani na gurudumu unaloweza kulisawazisha lifuatane na kipimajoto chako. Hilo la kusawazisha si dogo. Hita nyingi zinaposema 26 huwa ni 25 au 27, na mwenye tangi haambiwi. Kioo kina udhaifu wake: ukiitoa majini ikiwa ya moto inaweza kupasuka. Wakati wa kubadilisha maji, chomoa kwanza, ngoja nusu saa, ndipo ushushe maji. Plagi za Ulaya zenye pini mbili tulizikata tukaweka za pini tatu, kila moja na fyuzi ya ampea 3. Fyuzi ya 13 inayokuja na plagi ni kubwa mno kwa hita inayovuta ampea moja na robo.

Vidhibiti viwili, si kimoja. Cha kwanza, Inkbird ITC-308, kinashika hita mbili: kinawasha maji yakishuka hadi 25.5 na kuzima yakifika 26. Cha pili, cha aina hiyo hiyo, kinashika hita ya tatu na kimewekwa chini kidogo, kuwasha 25 na kuzima 25.5, kwa hiyo siku za kawaida kinalala na kuamka usiku wa baridi kali tu. Kila kidhibiti kina soketi ya pili ya kupoza. Hiyo tumeipa feni, iwake maji yakifika 27.5. Thamostati za ndani ya hita zenyewe zimewekwa 27. Maana yake ni kwamba swichi ya kidhibiti ikijilehemu kama ile ya zamani, na hujilehemu pia, hita bado itajizima kwenye 27 kwa ncha ambazo hazijafanya kazi mwaka mzima na bado ni safi. Ncha za hita zikikwama, kidhibiti kitakata. Ili tangi lichemke lazima viwili viharibike pamoja, kwenye hita moja, na hata hapo ni wati 300.

Pengo la nusu digrii kati ya kuwasha na kuzima ni la makusudi. Watu hupenda kuona namba isiyotikisika, wakaweka pengo la 0.1, na swichi inapiga cheche usiku kucha. Bahari yenyewe haitulii hivyo. Nusu digrii haimdhuru yeyote na huongeza umri wa kila kitu.

Mahali pa sensa ndipo panapoharibu mifumo mingi mizuri. Sensa ikichomoka majini husoma hewa ya chumba, inaona 15, na inaagiza hita ziwake bila kukoma. Zile za mama tumezifunga kwa vibano vya plastiki ndani ya sampu, chini kabisa ya kiwango cha maji, na sio kwa vile vikombe vya mpira vya kunyonya ambavyo huachia baada ya miezi michache. Hita pia ziko humo humo, katika chumba cha sampu ambacho maji yake hayapungui yanapovukiza. Watu wengine huweka sensa juu kwenye tangi na hita chini kwenye sampu. Pampu ya kurudisha maji ikifa, tangi la juu linapoa, sensa inaomba joto, na sampu inachemka. Sensa na hita zikae maji yale yale. Juu kwenye tangi kuna kipimajoto cha peke yake chenye king'ora, hakiwashi wala kuzima chochote: kinalia chini ya 24 na juu ya 28.

Kuhusu usalama wa watu sikubishana na mtu. Mzunguko mzima wa tangi uko kwenye RCD (swichi inayokata stima inapovuja) ya miliampea 30, kila waya unaning'inia chini ya soketi kabla ya kupanda ili matone yadondoke sakafuni, na soketi zimehamishiwa ubavuni mwa kabati, nje, kwa sababu ndani ya kabati chumvi hupanda na kukausha ukoko mweupe juu ya kila kitu. Ile ekstensheni ya zamani ilikuwa imeyeyuka tundu moja. Mama alikuwa akiingiza mkono kwenye maji hayo kila siku.

Stima ikikatika, watu hukimbilia kuokoa joto. Hesabu inasema vingine. Tangi hili, baada ya kufunikwa, hupoteza kama digrii 2 kwa saa sita za usiku wa baridi; hapo hakuna kifo. Oksijeni huanza kwisha mapema zaidi, hasa huku juu. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ina nusu uniti hivi ya kutumika. Ukiipa hita mbili, imekwisha ndani ya saa moja. Ukiipa pampu moja ya kuzungusha maji ya wati 20, inakwenda mpaka asubuhi na zaidi. Kwa hiyo inveta ya mama haina hita hata moja; ina pampu ya mzunguko na pampu ya hewa. Stima ikirudi, kifaa cha kuchelewesha kama kile cha kulinda friji huzuia mshtuko wa kwanza kabla ya vidhibiti kuwaka.

Julai iliyofuata king'ora kililia alfajiri moja, na mama akakuta 23.9. Kidhibiti cha kwanza kilikuwa kimezima kabisa, kioo chake cheusi, na hita zake mbili zilikuwa baridi. Ya tatu ilikuwa imewaka peke yake usiku kucha, ikishikilia ilichoweza. Tulihamishia hita mbili kwenye kidhibiti cha pili, ambacho huvumilia mzigo huo bila shida, mpaka kipya kilipofika. Acropora zilikuwa zimefunga polipu, vile vijiumbe vinavyounda tumbawe. Kufikia jioni zilikuwa wazi. Hakufa samaki.

Hita moja hubadilishwa kila Mei, kabla ya baridi, hata kama ni nzima, ili pasiwe na inayozidi miaka mitatu majini. Mama aliuliza kama si upotevu kutupa kifaa kinachofanya kazi. Haitupwi: inapimwa, inawekwa kwenye ndoo ya kuchanganyia chumvi, huko ikikwama itapasha maji ambayo hayana mtu. Kilichobaki sasa ni mashine ya kupoza iliyotoka Nyali, ambayo bado inachukua nafasi stoo. Nimemshauri aiuze, kwani feni mbili zinatosha Limuru, na fedha hizo anunue kidhibiti cha akiba.